Kata ya Khanga

Saa tatu asubuhi geti la Machame huwa limeshachangamka. Magari yanashusha watu na mizigo, wageni wanasaini daftari la hifadhi, na wapagazi wanajipanga foleni ya mizani. Kila begi linapimwa kabla halijaingia mlimani, maana mzigo wa kampuni hautakiwi kuzidi kilo 20 kwa mtu mmoja, mbali na vitu vyake mwenyewe. Siku niliyokwenda kulikuwa na tope la mvua ya usiku, na foleni ilikuwa ya wanaume watupu mpaka nilipofika kwa mtu wa saba.

Alikuwa na khanga shingoni. Alipobakiza watu wawili aliivua, akaikunja kwa urefu, akaisokota kama anayekamua nguo, akaizungushia kiganja cha kushoto mpaka ikawa duara, kisha akachomeka ncha kwa ndani. Ikawa kata. Haikumchukua hata sekunde kumi. Begi la mgeni likapimwa, likasoma kilo 18 na ushee, mkaguzi akaandika. Kijana aliyekuwa nyuma yake alinyoosha mkono kumtwisha akakuta begi limeshakaa juu ya kata, na mwenye kichwa ameshageuka kuielekea njia ya msituni.

"Huyo naye mgumu," kijana akasema, hakumwambia mtu yeyote.

Wapagazi wa Kilimanjaro huitana hivyo, wagumu. Ni jina walilojipa wenyewe, na wanalitamka kwa heshima. Kwa muda mrefu lilikuwa jina la wanaume. Leo wanawake wapo kwenye foleni ile, bado wachache sana, na sura hii ni juu yao: jinsi wanavyoingia kazini, kinachowatoa, na kwa nini walio wengi hawafiki kwenye ngazi za juu za kazi ambayo mwili wao uliijua kabla haijaanza kulipwa.

Maana ile kata naifahamu tangu utoto. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anaisokota hivyo hivyo, ila yake ilikuwa ya majani makavu ya mgomba. Uchagani ng'ombe haendi malishoni. Anakaa zizini ndani ya kihamba, shamba la migomba la ukoo linaloizunguka nyumba, na chakula kinamfuata huko huko, na anayekileta ni mwanamke. Bibi alikuwa anateremka alfajiri mpaka tambarare kukata majani, kisha anapandisha mzigo mrefu kuliko yeye mwenyewe, kwenye kilima ambacho mimi nikiwa mikono mitupu nilikuwa naomba tupumzike kila kona. Siku ya soko alishuka na mkungu wa ndizi. Siku nyingine alipanda juu, ukingoni mwa msitu, akarudi na kuni. Mzigo wa bibi haukuwahi kuwekwa kwenye mizani, wala hakuna daftari lililouandika, wala hakuna aliyemlipa. Aliitwa mke mwenye bidii, yakaishia hapo.

Hata ule ukingo wa msitu una historia yake. Mwaka 1941, chini ya utawala wa Waingereza, ulitengwa ukanda wa nusu maili kati ya vijiji na msitu wa hifadhi, ili wenyeji wapate kuni, mbao na majani bila kuingia ndani zaidi. Wazee mpaka leo wanauita Nusu Maili. Hifadhi ya Taifa yenyewe ilianzishwa mwaka 1973 ikihusu sehemu ya juu ya mlima. Mwaka 2005 mpaka wake ukasogezwa chini mpaka ukauchukua msitu. Kwa kuulinda msitu ule sina ubishi, kwa sababu ndiko yanakotoka maji tunayokunywa. Lakini mwanamke aliyezoea kuingia na panga na kamba akajikuta anazuiwa, au anapangiwa siku. Njia zile zile alizokuwa anapita na kuni sasa zilikuwa na geti, na getini palikuwa na kazi ya kubeba mizigo kwa malipo. Kazi hiyo ikapewa kaka yake.

Watu husema hii ni mila. Kazi ya mlima, wanasema, tangu zamani ni ya wanaume. Mila kweli ipo: juu ya msitu palikuwa pa wawindaji na warina asali, na msichana hakupelekwa huko. Lakini kubeba mzigo safari ndefu kwa malipo haikuwa kazi ya wanaume peke yao. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilijaa wapagazi wa Kinyamwezi, na wanawake walitembea humo humo. Walibeba vyungu, vyakula na watoto, wakafika kambini wakaanza kupika wakati wanaume wanapumzika. Baadhi yao walibeba mizigo ya biashara na kulipwa kama wapagazi wengine. Waandishi wa safari zile waliwaona, wakawapitia kwa mstari mmoja au nusu yake.

Mlima wenyewe ulipata watu wenye majina mapema. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo mwezi Oktoba 1889, na Marangu inamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kama kijana aliyewaonyesha njia. Miaka miwili baadaye Mmarekani May French Sheldon aliongoza msafara wake mwenyewe kutoka pwani mpaka nchi ya Wachaga, akafika ziwa Chala, akarudi kwao akaandika kitabu. Mwaka 1927 Sheila MacDonald, Mwingereza, akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana kusimama kileleni. Navitaja vyote hivi kwa sababu moja. Katika mwaka huo wa 1927, wakati magazeti ya Ulaya yakishangaa kwamba mwanamke anaweza kupanda Kilimanjaro, chini ya mlima ule ule maelfu ya wanawake walikuwa wanapanda na kushuka kila siku na mizigo kichwani. Hawakufika mita 5,895, ni kweli. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wangeweza kulipwa kwenda huko.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, maana asiyeijua huidhani ni nguvu za miguu tu.

Mgeni mmoja anayepanda Kilimanjaro huhitaji watu watatu au wanne nyuma yake, wakati mwingine zaidi. Kuna anayebeba begi lake, kuna wa mahema, wa chakula na gesi, wa meza na viti, wa choo cha kubeba. Kuna mpishi, mhudumu wa mezani, msaidizi wa kiongozi, na juu yao wote kiongozi mkuu. Ngazi ni hizo, na huanzia chini. Ukitaka kuwa kiongozi ni lazima uanze kwa kubeba, uujue mlima kwa shingo, kisha usomee huduma ya kwanza, utunzaji wa mazingira, mimea na wanyama, ufanye mafunzo ya hifadhi, upate leseni. Lugha ya kigeni huitoi mlimani, unakuja nayo au unajilipia darasa.

Mpagazi huondoka kambini baada ya wageni na hufika kambi inayofuata kabla yao. Wageni wanatembea pole pole. Yeye anawapita kwenye mawe akiwa na kilo 20 kichwani, afike, asimamishe mahema, achemshe maji. Kwenye njia ya Machame kazi ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni maji ya Barafu. Kambi ya Barafu iko zaidi ya mita 4,600 na haina maji. Chanzo cha mwisho kiko bonde la Karanga, chini kule nyuma. Kwa hiyo kila kikombe cha chai anachokunywa mgeni usiku ule kabla ya kwenda kileleni kimepandishwa kichwani na mtu. Nimemwona mwanamke yule yule wa khanga akipandisha dumu la lita 20 kutoka Karanga, upepo unampiga ubavuni, mkono mmoja umeshika dumu na mwingine umeingizwa kwapani upate joto, kisha anabadilisha. Alikuwa anabadilisha mkono kila baada ya hatua 30 hivi. Nilihesabu kwa sababu nilikuwa nyuma yake na sikuwa na pumzi ya kufanya jingine.

Waswahili wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kileleni hewa ina nguvu karibu nusu ya ile ya ufukweni, na Barafu hali imeshakuwa mbaya vya kutosha. Kichwa kinauma, tumbo halitaki chakula, usingizi unakatika. Ugonjwa wa mwinuko haujali jinsia. Anayepanda haraka ndiye unayemkamata. Hoja kwamba mwanamke hawezi nimeisikia mara nyingi kwa watu waliokaa hotelini Moshi, na mara chache sana kwa watu waliowahi kupanga foleni moja naye kwenye mizani. Wagumu wanajua. Walichonieleza wanaume wa mlimani, walipozoea kuzungumza nami, kilikuwa kitu tofauti: "Dada, kazi wanaiweza. Shida ni pa kulala."

Hapo ndipo wengi wanapong'oka. Hema la wapagazi hulala watu wanane, kumi, wamebanana ili wapate joto. Ukiwa mwanamke peke yako kwenye kikosi cha watu 25, unalala wapi? Wapo viongozi wanaompa nafasi kwenye hema la kulia chakula, wageni wakishamaliza kula. Hapo hulali mpaka wao walale, na unaamka kabla hawajaamka, kwa sababu meza inatakiwa kuandaliwa. Usingizi wako unakuwa wa saa nne, usiku baada ya usiku, kwa siku sita. Wapo wanaomwambia abanane na wengine na anyamaze. Wengi, ili wasipate usumbufu wa kufikiria, hawamchukui kabisa.

Halafu kuna damu ya mwezi. Naiandika waziwazi kwa sababu imefichwa kiasi cha kuonekana kama haipo, na inaamua nani atabaki kazini. Wageni wana hema la choo. Wapagazi wana vyoo vya kambi, vile vya mabanda, ambavyo usiku ni mbali na vina barafu mlangoni. Maji ya kunawia ni yale aliyoyabeba mwenyewe. Pedi iliyotumika haitupwi mlimani, inashushwa, kwa hiyo anaibeba ndani ya mfuko wake siku zote mpaka Mweka, kwenye geti la kushukia. Mmoja aliniambia miezi yake ya mwanzo alikuwa anahesabu tarehe na kuzikataa safari zilizogongana nazo. Kila safari aliyoikataa ilimgharimu mara mbili, fedha ya siku zile na jina lake kwenye orodha. Kiongozi akipiga simu mara mbili ukasema huwezi, ya tatu hapigi.

Ajira yenyewe ndivyo ilivyo. Mpagazi wa kawaida hana mkataba wa mwaka, anachukuliwa safari kwa safari. Msimu mzuri ni Januari na Februari, halafu Juni mpaka Oktoba. Masika watu wanarudi shambani au kwenye bodaboda. Kwa miaka mingi kiwango kilichohimizwa na KPAP, mradi wa kutetea wapagazi ulioanza Moshi mwaka 2003, kilikuwa angalau shilingi 20,000 kwa siku, na zipo kampuni zilizolipa chini ya hapo bila haya. Bakshishi ya wageni hugawanywa safari inapokwisha, na mgawanyo unategemea uaminifu wa anayegawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo, siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Lakini mwanamke anayechukuliwa leo getini na kuachiwa Mweka baada ya siku sita, likizo hiyo akaiombe kwa nani? Akibeba mimba anaacha. Akirudi baada ya mwaka na nusu, vijana alioanza nao wameshakuwa wasaidizi wa kiongozi, na yeye anarudi kwenye begi.

Na kuna lile ambalo sitalizunguka. Kupangiwa safari ni mamlaka, na mamlaka hiyo iko mikononi mwa watu wachache, karibu wote wanaume, bila karatasi yoyote inayoonyesha kwa nini huyu amechukuliwa na yule ameachwa. Mtu wa namna hiyo akitaka mwili wa mwanamke kabla ya kumpa kazi, ni rahisi mno. Wanawake wanne kati ya wale niliozungumza nao waliniambia wameombwa. Mmoja aliombwa mlimani, usiku, kwenye kambi ambayo hata akikimbia hana pa kukimbilia. Hakufanya kazi tena na kampuni ile. Nchi yetu ina sheria ya jambo hili: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai kwa yeyote anayetumia nafasi yake kuidai kama sharti la ajira au upendeleo. Niliwauliza wote wanne kama waliijua. Mmoja alikuwa ameisikia redioni.

Ndiyo maana siamini mtu anaposema wanawake waongezwe mlimani, kisha akaishia hapo. Kumweka msichana mmoja kwenye kikosi cha wanaume 25 ili apigwe picha getini ni kumwacha peke yake penye hatari. Kampuni zinazofanya vizuri, na zipo, zimejifunza jambo dogo sana: hawachukui mwanamke mmoja. Wanachukua wawili, watatu, na wanapandisha hema lao. Hema la watu watatu lina uzito wa kilo chache. Gharama ya kumbakiza mwanamke kazini ni hizo kilo chache, lakini mizani iko pale na kilo 20 zimeshajaa, kwa hiyo ni lazima mtu mmoja zaidi aajiriwe kulibeba. Hapo ndipo unapomjua mwajiri anayemaanisha.

Tusijidhanie tuko peke yetu. Pokhara, Nepal, dada watatu wa familia ya Chhetri walianza mwaka 1994 kazi ya kuongoza wanawake milimani, baada ya kusikia malalamiko ya wageni wanawake juu ya viongozi wanaume. Hawakusubiri viongozi wa kike wapatikane, waliwafundisha. Mwaka 1999 wakaanzisha shirika la mafunzo, na msichana wa kijijini akaanza kusomeshwa huduma ya kwanza, Kiingereza na njia za milimani kabla hajakabidhiwa mgeni. Nchini Bolivia wanawake wa Kiaymara waliokuwa wapishi na wabebaji wa kambi za chini za Huayna Potosí, wengi wao waume zao wakiwa viongozi, walianza kupanda wenyewe wakiwa na sketi zao pana za asili, na Januari 2019 baadhi yao wakasimama juu ya Aconcagua, mita 6,961. Nikiziangalia sketi zile naikumbuka khanga. Wale akina mama hawakuvaa kiume ili wakubaliwe.

Na upande wa pili wa mlima wetu, Amboseli, ambako wenzetu wa Kenya wanaiona Kibo vizuri kuliko sisi tulioko chini yake, mwaka 2019 iliundwa timu ya askari wa wanyamapori wanawake wa Kimaasai. Waliitwa Team Lioness. Walianza wanane, na namna walivyochaguliwa ndiyo inayonivutia: jamii yenyewe ya Olgulului ilishirikishwa, kila ukoo ukatoa binti mmoja. Kwa hiyo binti yule hakwenda porini kama mtoro. Alikwenda kama mtu wa ukoo wake, na mzee wa ukoo asingeweza kumdharau bila kujidharau mwenyewe. Corona ilipofunga nchi mwaka 2020 walibaki kazini miezi bila kurudi nyumbani, watoto wakilelewa na bibi zao. Vijijini watu waliona mshahara unafika hata wakati utalii umekauka. Sijui hoja iliyo na nguvu kuliko hiyo mbele ya baba anayesita.

Hapa kwetu hoja ya mshahara inagusana na ardhi, na Mchaga yeyote atanielewa. Kihamba hurithiwa na watoto wa kiume. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, lakini sheria iko kwenye karatasi na kihamba kiko kwa kaka. Mwezi Oktoba 2016 wanawake wa vijijini kutoka nchi zaidi ya 20 za Afrika walikutana Arusha kudai haki ya ardhi, wakaandika madai yao, na kikundi chao kikapanda Kilimanjaro mpaka juu. Wakati ule niliona ni ishara nzuri tu. Sasa naona zaidi. Mwanamke asiye na kihamba anahitaji fedha ambayo haipiti kwanza kwenye mkono wa mtu mwingine, na mlima ndio mwajiri mkubwa tulio nao mlangoni. Kati ya wanawake niliokutana nao kwenye njia ya Machame, wawili walikuwa wamenunua kiwanja kwa fedha za kubeba, kidogo kidogo. Mmoja alinitolea hati ya mauzo ya kijiji, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, anatembea nayo mpaka mlimani. Alisema nyumbani hakuna pa kuiweka ambapo haitaonekana.

Wapo waliokwisha kufika juu ya ngazi. Leo wapo viongozi wakuu wanawake Kilimanjaro, wenye leseni, wanaoamua kama mgeni anaendelea au anashushwa, ambao neno lao usiku ule wa kileleni ndilo la mwisho. Mwaka 2021 Mtanzania Rawan Dakik, akiwa na miaka 20, alifika kilele cha Everest, wa kwanza kati ya wanawake wa nchi hii. Chuo cha Mweka, kilichojengwa kwenye mteremko huu huu mwaka 1963, kinatoa wasichana wenye vyeti vya uhifadhi. Milango ipo. Nilichotaka kuonyesha ni yale mabanda, mahema, tarehe na simu zisizopigwa, yaliyoko kati ya mlango na mlango.

Turudi kwa mwenye khanga. Tulikaa naye jiwe moja Barafu jioni ile ya dumu, wageni wakiwa wameshalala ili waamshwe saa tano usiku. Miaka saba ana kazi hii. Ameshafika Barafu mara ambazo hazihesabu tena. Kileleni hajafika hata mara moja.

Nilidhani sikumsikia. Akarudia. Wapagazi hawaendi kileleni; wageni wakiondoka usiku na viongozi, mpagazi anabaki kulinda kambi, na alfajiri anaanza kukunja mahema ili kila kitu kiwe Mweka kabla ya wengine. Wanaopanda na kikosi cha usiku ni viongozi, wasaidizi, na wapagazi wachache wa kileleni wanaobeba oksijeni na maji ya moto. Kwenye kundi hilo ndimo anamochaguliwa msaidizi wa kiongozi wa kesho, kwa sababu ndimo kiongozi anamoona nani anatulia mtu anapoanza kutapika kwenye giza. Kwenye kundi hilo yeye hajawahi kuwekwa. Mwezi uliopita ameambiwa msimu wa Juni ataingizwa. Ameshalipia darasa la Kiingereza Moshi mjini, jioni tatu kwa wiki.

"Wewe ulishafika, dada?"

Nikamwambia nilifika, mara moja, miaka mingi iliyopita, nikiwa mgeni.

"Lile bango limeelekea wapi?"

Sikuelewa.

"Lile la mbao, la kupigia picha. Ukisimama pale, ukiligeuzia mgongo, unaona nini? Unaona kwetu au unaona Kenya?"

Nilitafuta jibu la kweli nikakosa. Nilikuwa nimefika kumepambazuka, nikalia kidogo kama wengi wanavyolia, nikapigwa picha, nikashushwa. Nikamwambia sikumbuki.

"Mimi nitaangalia," akasema. Akaivua kata kichwani, ikafunguka ikawa khanga tena, akajifunga kiunoni juu ya suruali, akaenda kuwasha jiko la saa tano.